Taa nne za Igombe: giza la pili

Usiku wa nne wa giza. Alfajiri hii, hapa Igombe, Mwanza, mtumbwi umerudi na taa zote nne za sola nilizounda badala ya karabai, zile taa za mafuta, zinawaka. Nilikuwa mchangani tangu saa tisa, nikizitafuta kwa macho kule ziwani, na moyo haukutulia mpaka nahodha alipoziweka miguuni pangu. Giza lililopita mbili zilizimika kabla ya saa nane.

Kwa asiyeijua kazi hii: dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku usio na mbalamwezi. Taa huelea juu ya chelezo, wadudu wadogo wa majini hufuata mwanga, dagaa huwafuata, kisha wavu unatupwa. Mwezi ukikomaa watu hukaa nchi kavu wakishona nyavu. Ndiyo maana mradi wangu nauhesabu kwa giza, yaani kipindi kizima cha usiku usio na mbalamwezi, si kwa wiki.

Kabla ya kugusa waya nilipima karabai. Moja ilikunywa lita 1.3 tangu machweo hadi kurudi pwani, na mtumbwi hubeba nne. Kwa usiku 20 wa kazi ni zaidi ya lita 100 kwa mwezi. Kila lita ya mafuta ya taa ikiungua hutoa takriban kilo 2.5 za hewa ya ukaa, yaani kilo 260 kwa mwezi kwa mtumbwi mmoja tu, na hapa kwetu usiku wa giza ziwa huwaka taa kama mji. Mwaka 2021 Tanzania iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila hatua zozote. Wengi wakisikia ahadi ile huwaza viwanda na mabwawa ya umeme. Mimi huiona karabai. Nahodha yeye anaona bei, na ana haki: mafuta haya yalipanda ushuru mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na mvuvi akabeba mzigo ule pamoja na wengine.

Taa zangu ni za LED, wati 10 kila moja. Kwa saa 10 inahitaji wati-saa 100. Betri ya lithiamu niliyounga, seli nne za volti 3.2 zenye ampea-saa 10, inabeba 128. Kwenye daftari zinatosha. Mbona basi zilizimika?

Ya kwanza nilipoifungua nilikuta maji kama nusu kijiko, na kwenye nati kutu ya kijani. Nililaumu wimbi, kumbe sivyo. Taa ikiwaka hewa ya ndani hupata joto na kutanuka. Ikizimwa asubuhi hupoa, hewa husinyaa na kuvuta maji kupitia tundu la waya. Silikoni nilikuwa nimepaka nje tu. Sasa waya unapita kwenye kibanio chenye mpira, na silikoni ipo ndani na nje.

Ya pili ilikuwa kavu kabisa. Betri yake ndiyo haikujaa. Nilipanda juu ya kibanda kwenye paneli ya wati 150 nikakuta kinyesi cha korongo kimekauka kwenye kona, kipana kama kiganja. Seli za paneli zimeungwa mfululizo, kwa hiyo moja ikizibwa inazidhoofisha jirani zake. Korongo hawaondoki Igombe maadamu dagaa wanaanikwa chini yao, nami siwalaumu. Nimetandaza nyaya mbili juu wasitue, nimeongeza mwinamo kuelekea kaskazini ili mvua ioshe, na kila asubuhi napanda na kitambaa.

Kilichobaki kinanisumbua kuliko maji. Kwetu gharama ya mafuta hutolewa kwanza kwenye mauzo, kisha tajiri, yaani mwenye mtumbwi, na wavuvi wanagawana. Tajiri ameniuliza: “Fundi, taa ninunue mimi peke yangu, halafu mafuta yanayookolewa tugawane wote?” Sikuwa na jibu. Mvuvi naye hawezi kukatwa sehemu yake kwa taa ambayo kesho itaitwa mali ya tajiri.

Jana tumekaa chini ya mtumbwi uliopinduliwa tukaongea mpaka jua likawa kali. Nimependekeza nusu ya fedha iliyokuwa ikienda kwenye mafuta iwekwe kila usiku kwenye sanduku mpaka gharama ya taa zote ilipwe, na ikishalipwa taa ziwe za mtumbwi mzima. Tajiri amekubali kwa giza moja. Wavuvi wamekubali kwa sharti kwamba daftari la hesabu alishike mama mmoja anayeanika dagaa, maana ndiye anayehesabu ndoo zikishuka na hakuna aliyewahi kumbishia.

Leo jioni nampelekea daftari.