Nimesikia vimondo usiku wa kuamkia leo

Jamani, vimondo vya Perseidi (mvua ya vimondo ya kila Agosti) nimevisikia kwa masikio yangu! Hapa Stuttgart mawingu yalitanda usiku kucha, lakini mawimbi ya redio hayazuiwi na mawingu.

Wafaransa wana rada ya kufuatilia satelaiti, inaitwa GRAVES. Mtambo wa kurusha uko karibu na Dijon, na antena za kupokea ziko kusini, kama kilomita 400 kutoka hapo. Wameziweka mbali makusudi: rada hii inarusha mfululizo kwenye megahezi 143.05, haipumziki, kwa hiyo mpokeaji akikaa jirani angezidiwa na kelele za mtambo wenyewe.

Raha yake ni kwamba mawimbi yake yakigonga satelaiti au mkia wa kimondo, mwangwi haurudi kwa wenye rada tu, hata mimi naupata. Antena yangu ya yagi (ya vijiti, inayoelekezwa upande mmoja) iko roshani, imeunganishwa na kipokezi kidogo cha USB. Kimondo kikipita, spika inatoa mluzi mfupi unaoshuka, halafu kimya. Kituo cha anga cha ISS nacho huchora mstari unaoteremka taratibu kwenye skrini, kwa sababu ya Dopla, yaani masafa ya mwangwi hubadilika kadiri kitu kinavyokaribia au kuondoka.

Rafiki yangu wa Milano naye alikuwa amewasha kipokezi chake. Tumenasa ISS ileile, lakini mistari yetu haikufanana, maana kila mmoja yuko upande wake. Wapokeaji wakiwa wengi namna hiyo, na saa zao zimelinganishwa vizuri, unaweza kukokotoa kitu kiko wapi na kinaelekea wapi. Kwangu hapo ndipo penye utamu wote. Leo usiku tunamwongeza mwenzetu wa Zürich.