Siku Moja ya Sista wa Kliniki ya Uzazi, Kampala, Mei 2020

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kafyu ya corona inakwisha na gari la kliniki liko mlangoni, stika ya ruhusa imebandikwa kiooni. Bila stika hiyo hatusogei: teksi na magari binafsi yamekatazwa tangu Machi, na boda boda zinabeba mizigo tu.

Saa moja. Kupimwa joto, sanitaiza, barakoa, kukagua friji ya sindano na mitungi ya naitrojeni ambamo viinitete vimehifadhiwa kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri.

Saa mbili. Mimi na dereva tunamfuata mama mmoja wa Bunia, Kongo. Mpaka ulifungwa akiwa huku, akabaki kwa shangazi yake nje ya mji. Mirija yake iliziba kwa maambukizi ya zamani, jambo tunaloliona sana. Machi hiyohiyo ESHRE, chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya, kilishauri IVF mpya, yaani kutungisha mimba maabara, zisianzishwe, nasi tukasimama. Sasa tumeanza tena na wachache. Mumewe hawezi kuvuka, ila mbegu zake tuligandisha Februari.

Juzi saa nne usiku alichomwa sindano ya kukomaza mayai. Kuanzia hapo tunahesabu saa 36 hivi. Ukiwahi mno, mayai hayajakomaa. Ukichelewa, yanaachia yenyewe na sindano zote za nyuma zimekwenda bure. Lazima awe mezani kutolewa mayai saa nne.

Wakati wa kurudi, kwenye kizuizi cha barabarani, askari anasoma barua yetu mara mbili.

"Huyu ana mimba?"

"Bado, afande. Tunakwenda kuitafuta."

"Basi arudi nyumbani. Walioruhusiwa ni wajawazito."

Ni kweli, Aprili Rais aliruhusu wajawazito waende hospitali bila barua ya RDC, mwakilishi wa Rais wilayani. Anayeitafuta mimba hakutajwa. Namweleza afande habari ya mayai na saa, ananijibu kwamba hata yeye anataka watoto lakini anasubiri corona iishe. Jua linapanda. Mama yuko kiti cha nyuma, ovari zimevimba kwa dawa, kila akijigeuza anakunja uso. Mkoba ameukumbatia kifuani na hasemi neno. Nampigia daktari. Afande anachukua simu yangu, anakwenda nayo hadi kivulini, anasikiliza muda mrefu akichora mchanga kwa kiatu. Anarudi, ananikabidhi, anainua kizuizi. Hakuna pole. Dereva anakanyaga mafuta.

Tumefika saa nne na dakika chache. Mayai saba. Mtaalamu wa maabara ananionyesha vidole saba kupitia kioo, na miguu yangu inaisha nguvu palepale.

Baada ya hapo saa zinachanganyika. Simu za Arua, za Hoima, za wanawake wa miaka arobaini na kitu wanaouliza wangoje mpaka lini. Wapo wanaotuambia hii ni anasa wakati watu wanakufa. Mtoto wa kwanza wa IVF Uganda alizaliwa 2004, hapahapa Kampala, lakini bado mwanamke asiyezaa anaitwa tasa sokoni na mawifi wanamtafutia mumewe mke wa pili. Ovari yake haisubiri tangazo la Ikulu. Namjibu kila mmoja, kwa Kiswahili au Kiganda, hata sauti ikikauka.

Kafyu inaanza saa moja usiku. Nimeingia ndani dakika chache kabla. Simu inaita tena, mama wa Hoima: anaweza kuanza Juni? Namwambia dawa zipo, ila barua ya RDC aiombe kesho asubuhi, na iandikwe waziwazi: matibabu ya kutafuta mimba.