Yai la siku ya tatu

Juzi usiku mwanangu kabugia ugali wa moto, akaungua kaakaa. Akawa anapagusagusa kwa ulimi. "Baba, huku juu kuna nini?"

Nikamwambia kuna mfupa, halafu ubongo, na katikati ya hapo kuna tezi ndogo kama njegere ambayo nusu yake zamani ilikuwa mdomo. Akacheka. Mimi sikucheka, nilikumbuka yai, nikaanza kumsimulia.

Ni mwaka wa pili chuoni, kile chumba cha Mabatini, Mwanza, chenye jiwe dirishani. Nilikuwa nimesoma kwamba tezi hiyo, pituitari, ina asili mbili: sehemu ya nyuma hushuka kutoka ubongoni, ya mbele hupanda kutoka paa la mdomo wa kiinitete, ikianza kama kijifuko. Kinaitwa kifuko cha Rathke, kwa Mjerumani aliyekieleza mwaka 1838. Kwa binadamu ni wiki ya nne, kwa kifaranga ni kama siku ya tatu. Siku tatu nikaziweza. Boksi, balbu, mayai sita ya kienyeji yenye mbegu.

Usiku wa pili umeme ukakatika. Jirani yangu, mama muuza dagaa wa soko la Mwaloni, akayafunga mayai kwenye kanga, akayaweka kando ya jiko la mkaa, akakesha akiyageuza. Sikumwomba.

Asubuhi ya siku ya tatu nikatoboa moja mbele yake. Juu ya kiini, katikati ya mishipa myembamba kama nyuzi, nukta nyekundu ilikuwa inadunda.

"Linapiga!" Mama akashika mdomo.

Mimi nimeinamia na lenzi, natafuta kijifuko. Nilikuwa mjinga: hakionekani bila kukata vipande na kuweka kwenye hadubini. Nikaficha aibu kwa mhadhara. Nikamweleza kuwa paa la mdomo halijigeuzi tezi lenyewe, sakafu ya ubongo iliyolala juu yake hulipelekea protini za kuliamuru, kama BMP4 na zile za jamii ya FGF. Panya wakizaliwa bila jeni moja iitwayo Nkx2.1, sakafu ile haiumbiki sawasawa; kijifuko huanza, kisha hufa.

"Kwa hiyo kinasubiri jirani," akasema.

"Kama hivyo, Mama."

"Na hili nalo?"

Nikatazama. Nukta ilikuwa inadunda polepole. Ikasita. Ikadunda. Upepo wa ziwani ulikuwa unaingia dirishani na hakuna kati yetu aliyelifunga. Ikasita tena, nasi tukawa tunasubiri, mpaka nikajua tunasubiri bure.

Mama akayakusanya matano yaliyobaki, akayarudisha kwenye kanga. Hakunigombeza, ningependa angenigombeza. Alikwenda kumwekea kuku wake aliyekuwa anaatamia, na sikuwahi kumuuliza yalitotolewa mangapi.

"Baba, sasa yai lilikuwaje?" Mwanangu bado ameachama.

Nikamwambia ale, ugali umeshapoa.