Nilivyotunza Viganja na Nyayo Wakati wa Kemo

Mimi ni fundi cherehani hapa Kisumu, na kwa miaka mingi mikono na miguu yangu ndiyo iliyoniweka mjini. Kwa hiyo nilipoanzishiwa vidonge vya kapesitabini, dawa ya kemo (tiba ya saratani kwa kemikali) inayoweza kuumiza ngozi ya viganja na nyayo, baada ya upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, nikivimeza asubuhi na jioni baada ya chakula kwa siku 14 kisha kupumzika siku 7, sikuogopa kutapika kama nilivyoihofia mikono.

Mzunguko wa pili ulipoanza, vidole vilinichonyota kana kwamba nimetoka kukatakata pilipili, na kikombe cha chai kikawa hakishikiki. Karatasi ya maelezo ilinitaka nitazamie wekundu, lakini kwenye ngozi yangu nyeusi wekundu haukuonekana hata siku moja. Viganja vilizidi kuwa vyeusi, vikawa vinene na kung'aa, na baadaye mistari ya vidole ikafifia hata simu ikakataa kufunguka kwa kidole gumba. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu nilipoteza siku nyingi nikisubiri rangi ambayo haingekuja.

Katika siku hizo jirani alinihurumia akanipa dawa ya kuchua yenye mentholi. Nilijipaka usiku, moto wake ukaniamsha saa nane, na kulipokucha kisigino kilikuwa kimepasuka.

"Mama, mbona hukutupigia simu?" muuguzi aliniuliza. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeficha, nikihofia kupunguziwa dawa na saratani kurudi. Daktari alisimamisha vidonge hadi ngozi ilipotulia, akapunguza kipimo, akanieleza kwa upole kuwa marekebisho hayo ni sehemu ya kawaida ya tiba hii.

Dawa ya kupaka niliyoandikiwa kwanza ilikuwa krimu ya yurea ya asilimia 10, ambayo hulainisha ngozi ngumu na kuishikisha maji. Nilinawa kwa maji yasiyo moto, nikajikausha kwa kugusagusa taulo bila kusugua, kisha nikaipaka ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo. Penye ufa sikuiweka, kwa maana inachonyota vibaya. Hapo nilipaka mafuta mazito ya mgando peke yake. Usiku nilivaa soksi za pamba na glavu nilizozishona mwenyewe kutokana na fulana kuukuu ya mume wangu.

Ngozi ilipofunga, daktari aliniongezea jeli ya diklofenaki ya asilimia 1, niipake viganjani mara mbili kwa siku. Nilishangaa, kwani niliijua kuwa dawa ya viungo vinavyouma, naye akanieleza kuhusu utafiti wa India uliochapishwa 2024 kwa wagonjwa 264 wanaotumia kapesitabini: kati ya waliopaka jeli hiyo, asilimia 3.8 walipata madhara haya ya viganja na nyayo ya kiwango cha kati au kikali, ilhali kati ya waliopaka jeli isiyo na dawa walikuwa asilimia 15. Alinihoji kwanza kuhusu figo, vidonda vya tumbo na mzio, nami sipendi mtu ainunue dukani bila kuhojiwa hivyo.

Hata hivyo, mafuta yasingeniokoa kama ningeendelea kuichosha ngozi kwa joto na msuguano. Mpwa wangu alichukua kazi ya kukata vitambaa, mimi nikafunga sponji kwenye kanyagio la cherehani na kushona asubuhi tu, kabla jua la Kisumu halijakolea. Kusonga ugali na kufua nikawaachia wanangu.

Nilimaliza mzunguko wa 8 bila ngozi kupasuka tena. Wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho simu ilikitambua kidole changu, lakini nyayo bado hukauka upesi, na kopo la yurea lingali kwenye droo ya cherehani, kando ya uzi mweusi.