Mjomba wa Bibi Aliyebaki Mahiwa

Bibi mzaa mama alikuwa na sarafu moja aliyorithi kwa mama yake: heller 20 ya Mjerumani, ina taji, mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Imetobolewa tundu juu, maana mama yake aliivaa shingoni tangu utotoni. Alipewa na kaka yake, kijana askari, usiku mmoja alipopita nyumbani kuaga. Sarafu hizo zilifuliwa Tabora kwenye karakana ya reli, wakati manowari za Waingereza zimeziba pwani na fedha za Ulaya haziingii. Kwa hiyo kuaga kwenyewe kulikuwa 1916 au 1917. Oktoba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, akafa vitani Mahiwa, miaka ishirini hajafikisha.

Nilipomaliza shule nilimwomba bibi twende Mahiwa. Tukapanda basi la Masasi pale Lindi mjini, tukashuka Nyangao, sarafu ameifunga kwenye pindo la khanga.

Vita vile vya Mahiwa vilipiganwa siku nne, tarehe 15 hadi 18. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa. Upande wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kama 500. Mwezi uliofuata Lettow akavuka Ruvuma na waliobaki. Yeye jina lake limo katika kila kitabu. Lakini waliokuwa wakipigana pale, pande zote mbili, wengi wao walikuwa Waafrika: askari wa huku kwetu, KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza), Wanigeria. Nyuma yao wapagazi, wakifa kwa njaa na kuhara damu. Hao wameandikwa kwa idadi tu, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mzee mmoja wa Mahiwa alitupokea shambani kwake, chini ya mikorosho. Alitoa kopo la maganda ya risasi yaliyoota kutu ya kijani.

"Hapa unalima huku unasikiliza jembe," alisema.

Bibi akalishika ganda moja, akaligeuzageuza. "Na waliokufa walizikwa na nani?"

"Wengine hawakuzikwa, dada yangu."

Bibi akakaa chini, palepale kwenye majani makavu, akaita jina kwa sauti. Ni jina langu pia. Yeye ndiye aliyenipa, kwa sababu mjomba wake hakuacha mtoto. Nikaitika, "Naam, bibi."

"Si wewe, mwanangu. Namwita mwenyewe."

Akaanza kumpa habari. Dada yako aliolewa Mtama. Alizaa sita, wakabaki wanne. Mama yenu alikusubiri mpaka anaingia kaburini, alikuwa anaweka chakula chako pembeni kila mwezi wa Ramadhani. Waingereza nao wameondoka. Alizungumza hivyo kwa muda mrefu, hana haraka, kama anayezungumza na mgeni aliyefika jana, na mzee wa watu amevua kofia yake anasikiliza.

Kisha tukasoma Fatiha. Mzee akamwomba bibi alitaje tena lile jina, taratibu, ili Ijumaa amwombee dua msikitini.