Siku yangu na mashine za muziki, Manzese

Saa 1 asubuhi
Kazi ya kwanza ni vumbi. Tunakaa kando ya njia ya bodaboda, na vumbi linapita chini ya mlango mpaka ndani ya mikisa, mashine ya kuchanganya sauti. Kitufe cha sauti kikikwaruza kwenye spika, kinapuliziwa dawa. Mama watoto anasema mashine hizi zinapanguswa kuliko sahani.

Saa 3
Mezani kuna kinanda kidogo cha Casio, Korg Volca Beats ya ngoma, Roland SP-404SX ya sampuli, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa, na rekoda. Kompyuta hakuna. Vijana huuliza kama nimekosa hela ya laptop. Lakini hapa Dar haya si mambo mapya: mchiriku, muziki wetu wa mitaani, umejengwa juu ya Casio ndogo kama hii, zikipita kwenye vipaza sauti vya honi. Jagwa Music, kundi la mchiriku lililoanza 1992, wamezipiga mpaka Ulaya.

Leo napika biti ya singeli, mapigo 220 kwa dakika. Volca naiweka 110, ili hatua zake 16, yaani vituo vya kuwekea ngoma, zibebe mizunguko miwili badala ya mmoja. Ina nafasi 8 tu za kuhifadhi midundo, kwa hiyo mdundo usio na kazi naufuta hapohapo. Sijawahi kuulilia hata mmoja.

Saa 6 mchana
Umeme umekatika. Mikisa imelala, lakini Volca inakula betri 6 za AA, SP nayo vilevile. Naiunganisha Volca kwenye SP, navaa hedifoni, kazi inaendelea. Jirani mwenye studio ya kompyuta ametoka nje kupiga soga.

Saa 9
Umeme umerudi na MC amefika, hajala, tukaagiza chipsi mayai. Kisha tukarekodi.

Hapa ndipo ninapozipendea mashine. Wimbo haujachorwa popote kwenye kioo. Tunaupanga tukiwa tunaucheza. Akitaka ubeti urefuke ananikonyeza, naushikilia mdundo. Akiinua mkono nazima ngoma, anabaki yeye na Casio, kisha naziachia zote kwa kishindo. Mara ya pili alibadili mistari kwa sababu mimi nilichelewesha ngoma kusudi, na mistari ile ilikuwa mitamu kuliko aliyokuja nayo.

Saa 12 jioni
Mteja mwingine anataka kila sauti peke yake. Ngoma zinarudiwa moja moja, nyingine zikiwa zimezimwa, mpaka zote ziingie kwenye rekoda. Kwa kazi hii kompyuta ingeniokolea jioni nzima, sibishi.

Saa 2 usiku
MC amepiga simu. Ameisikiliza biti kwenye spika ya kigodoro, ile sherehe ya mtaani, anataka ifike mapigo 250.
"Kaka, watu wa kigodoro hawatasimama kwa mwendo huo."
Volca haina shida, ila kwenye vitufe vidogo vya Casio vidole vyangu havifiki kasi hiyo. Nimemwambia kesho aje na mdogo wake, yule anayepiga kinanda madrasa ikishatoka.