Nilivyochagua mmea wa kufunika mchanga kwenye ua wenye chumvi

Ua wa nyumba yetu hapa Shangani, Mtwara, una sehemu tatu ambazo kwa miaka minne zilinishinda: kipande cha mchanga mtupu kinachotazama bahari, kivuli kizito chini ya mwembe, na ukanda mwembamba kando ya ukuta ambako jembe likishuka sentimita 10 tu hugonga jiwe la matumbawe. Nyumba nyingi za huku uwanja hufagiliwa wote mpaka mchanga ubaki na michirizi ya ufagio, na mama yangu anaamini hadi leo kuwa uwanja usiofagiliwa ni dalili ya nyumba isiyo na mtu. Mbele ya mlango sibishani naye. Upande wa bahari, hata hivyo, kusi ikianza kuvuma mchanga huohuo uliofagiliwa vizuri huingia jikoni, na mvua kubwa za Januari huuchukua uliobaki, hata mwaka juzi tukaanza kuona msingi wa nyumba.

Nilianza na ukoka, kama wengi. Nilinunua viroba kadhaa na kuupanda mwezi wa Februari, wakati ambapo hata kijiti kikavu ukikichomeka ardhini kinaonekana kama kitashika. Mikoa ya kusini ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza mnamo Novemba au Desemba na kuishia Aprili au mwanzoni mwa Mei, kisha hufuata kiangazi kirefu. Kufikia Agosti ukoka wa upande wa bahari ulikuwa na rangi ya kamba kuukuu, na ule wa chini ya mwembe ulikwisha kufa zamani kwa kukosa jua. Ukoka si mmea dhaifu. Mimi ndiye niliyeupeleka pasipo pake, tena nikiwa sina maji ya kuumwagilia kila jioni.

Jirani yetu, mzee aliyeacha kuvua samaki kwa sababu ya mgongo, alinitazama nikibeba ndoo akaniambia, "Mwanangu, mwezi wa kumi nenda pwani ukaangalie kilicho hai. Hicho ndicho upande." Nilikwenda mwezi huo, na juu kidogo ya mstari wa maji kujaa, kwenye mchanga unaounguza nyayo, mlakasa ulikuwa umetandaa wa kijani kana kwamba mvua ilinyesha jana.

Wengi wetu tumeukanyaga mmea huu bila kuujali. Majani yake ni manene na yamegawanyika nchani mfano wa kwato ya mbuzi, na hata jina lake la kitaalamu, Ipomoea pes-caprae, linataja mguu wa mbuzi. Maua yake ya waridi iliyoelekea zambarau huchanua asubuhi na kunyauka alasiri. Sifa iliyonivutia mimi ni shina lake, ambalo hutambaa mita nyingi na kutoa mizizi kwenye pingili, hivyo kila pingili inayogusa ardhi huwa kama mshono unaoushika mchanga. Chumvi na upepo haviusumbui. Usichokubali ni kivuli.

Nilikata ncha chache kutoka kwenye mashina tofauti, kila moja yenye pingili nne au tano, bila kung'oa mzizi hata mmoja, kwa sababu mlakasa wa ufukweni una kazi ya kuzuia mchanga wa pwani usiliwe na bahari. Mwanzoni mwa Desemba nilifukia pingili mbili za kila kipande, nikiacha hatua moja kati ya kipande na kipande, na nikamwagilia kwa wiki mbili tu. Mvua zilipokwisha, mchanga ulikuwa haujafunikwa wote, lakini mfereji uliokuwa ukichimbika kila Januari haukutokea. Gharama yake ni panga: nisipoupunguza kila mwezi hupanda juu ya mpapai. Tena nimeacha ukanda mtupu wa mita mbili kuizunguka nyumba, kwa kuwa majani mazito ni maficho mazuri ya nyoka, na hapo ufagio wa mama unaendelea na kazi yake.

Muuza miche mmoja alinishauri nipande wedelia, ile yenye maua ya njano, akisema haifi. Ni kweli haifi, na ndiyo sababu niliikataa. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, nayo imo katika orodha ya viumbe 100 wavamizi wabaya zaidi duniani iliyotolewa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira. Mlakasa ukinitoroka unarudi kwao. Wedelia ikinitoroka inaingia kwenye shamba la mtu.

Chini ya mwembe nimepanda Arachis pintoi, ndugu wa karanga mwenye asili ya Brazili, anayevumilia kivuli na kuirutubisha ardhi kwa naitrojeni. Mizizi ya mwembe inamnyang'anya maji, kwa hiyo majani makavu yanayodondoka siyafagii tena, nayaacha yawe matandazo. Kiangazi kilichopita alikauka karibu wote, kisha wiki ya pili ya mvua akachipua upya katika nusu ya eneo. Nusu nyingine bado ni tupu, na kuku wameshaigeuza mahali pao pa kuoga vumbi.

Ukanda wa matumbawe nimeujaza kokoto.